Darasa ya Nyumbani: Aliyeumwa na Nyoka, Kisomo na Dawa



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake, darasa yetu ya mwezi huu ni jawabu ya mama mmoja wa bara ya Malindi. Ameniuliza mambo matatu. La kwanza, mtu akiumwa na nyoka aanze kwa mwalimu wa kisomo au aanze zahanati? La pili, kukimbilia zahanati si upungufu wa kumtegemea Mungu? La tatu, amesikia kuwa dawa ya sumu ya nyoka hutokana na damu ya farasi. Je, yafaa Muislamu kutiwa mwilini?

Maswali haya ni ya maana sana, khasa sasa ambapo mvua zakaribia na watu wako katika palizi. Nitaanza kwa kujitaja mimi mwenyewe, kwani mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha wengine kulirudia.

Mwaka 1999, katika siku za masika, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akisoma kwangu Juzuu Amma alimkanyaga moma njiani, alipokuwa akirudi kwao baada ya sala ya Isha. Hakuwa na taa wala viatu. Wazee wake hawakumpeleka zahanati, walimleta kwangu. Nami, kijana bado, nikaona fahari kuwa nimeletewa. Nikamsomea, nikamwandikia kombe kwa zafarani akanywa. Ami yake akamfunga kamba juu ya goti, akaikaza hata ikazama katika nyama. Akaitwa na mzee mwenye jiwe jeusi la nyoka, akamchanja kwa wembe na kulibandika jiwe lake. Sote tulikuwa na nia njema. Mtoto alilia usiku kucha, na kila alipolia nilimwambia babake astahimili. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Hatukwenda.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba hata pajani, umefanya malengelenge, na chini ya kamba umegeuka rangi na kuwa mweusi. Alipofikishwa hospitali kubwa ilikuwa alasiri ya siku ya pili, na matabibu hawakuwa na la kufanya ila kuukata mguu juu ya goti ili kuokoa roho yake. Leo ni mtu mzima, fundi wa cherehani, ana mke na watoto. Kila Ijumaa hunipa mkono msikitini, wala hajapata kunilaumu hata siku moja. Nami kila anaponipa mkono huukumbuka usiku ule, na baiskeli iliyokuwa imeegemezwa ukutani mwangu.

Basi je, kisomo hakifai? Hasha! Kisomo ni haki, na dalili zake ziko wazi. Imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri kuwa baadhi ya masahaba walikuwa safarini, wakapita kwa watu waliokataa kuwakaribisha. Mkubwa wa watu wale akaumwa na mdudu mwenye sumu, sahaba mmoja akamsomea Suratul Fatiha akapona, wakapewa kondoo kuwa ujira. Walipomweleza Mtume (S.A.W.) aliridhia. Tena Bi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mtume aliruhusu kisomo kwa kila aliyeumwa na chenye sumu. Asiyeamini haya na aogope juu ya dini yake.

Lakini tusiishike hadithi moja tukaziacha nyingine. Masahaba wale walikuwa safarini jangwani. Hapakuwa na zahanati waliyoipita. Na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali kuwa Mtume mwenyewe aliumwa na nge usiku akiwa katika sala. Alipomaliza aliagiza maji na chumvi, akawa akipapaka mahali palipoumwa huku akisoma sura za Qur'ani. Zingatieni, ndugu zangu! Aliyeteremshiwa Qur'ani, ambaye hapana kisomo kilicho bora kuliko chake, mkono wake mmoja ulishika dawa na ulimi wake ukashika kisomo. Wala mtu asifahamu kuwa maji ya chumvi ndiyo dawa ya nyoka; tunachokichukua hapa ni ule mwendo wa kuviunganisha viwili. Na mabedui walipomuuliza kama wajitibu, aliwaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee.

Tena iko hadithi moja initishayo mimi kuliko zote. Mtu mmoja katika safari alipigwa jiwe la kichwa akajeruhiwa, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume alighadhibika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Watu wale hawakumpiga, wala hawakumchukia. Walifutu bila ya elimu, basi. Nami usiku ule wa 1999 niliposema kisomo kinatosha, nilifutu katika elimu nisiyoijua.

Kwa hivyo jawabu ya swali la kwanza na la pili ni hii: kisomo husomwa njiani, hakisomwi badala ya njia. Msomeeni mgonjwa hali mumemchukua. Msomeeni akiwa kitandani hospitalini. Lakini asicheleweshwe hata dakika moja kwa ajili ya kombe, wala kwa kumngojea mwalimu. Na mwalimu aletewaye mgonjwa wa nyoka, kisomo chake cha kwanza kiwe kuita chombo cha kumpeleka.

Kuna watu hudhani kuwa zahanati haina la kufanya ila kudunga sindano. Nitawaeleza niliyoyaona kwa macho yangu mwaka 2021. Mama mmoja jirani yetu alitia mkono katika tita la kuni wakati wa alasiri, akaumwa na moma kiganjani. Safari hii tulikuwa tumejifunza. Hapakufungwa kamba, wala hapakuchanjwa. Alivuliwa bangili na pete kabla mkono haujavimba sana, na hata hivyo pete ilitoka kwa sabuni. Mkono ukafungiwa ubao mwembamba kama wa aliyevunjika mfupa, ukatundikwa kwa leso kifuani usitikisike. Akapandishwa bodaboda katikati, dereva mbele na kakake nyuma akimshika asianguke. Mimi nikafuata kwa bodaboda ya pili, nikisoma Fatiha njia nzima.

Pale zahanati muuguzi, naye ni mwanamume, aliuliza kwanza ni saa ngapi aliumwa. Akatazama kope kama zaanguka, akamtaka aseme, ameze mate na avute pumzi. Akachukua kalamu akachora mstari pale uvimbe ulipofika, na pembeni yake akaandika saa. Baadaye kidogo akachora mstari mwingine. Akatoa damu kidogo, akaitia katika kichupa cha kioo kikavu na safi, akakiacha kimetulia dakika 20, kisha akakiinamisha. Damu ikiwa imeganda, ni kheri; ikiwa ingali maji, ni alama kuwa sumu imeharibu kuganda kwa damu, na mgonjwa yumo khatarini ya kutokwa na damu ndani ya mwili. Tazameni jinsi elimu ilivyo: kichupa kimoja na saa ya mkononi.

Lakini kabla ya hayo mumewe alisimama mlangoni, akaniambia, "Maalim, mke wangu hajapata kushikwa mkono na mwanamume asiye maharimu yake. Na huyu ataka kumpasua nguo." Nikamwambia, "Bwana, wanazuoni wetu wameruhusu tabibu mwanamume amtazame na amguse mwanamke palipo na haja, ikiwa hapana tabibu mwanamke, kwa kadiri ya haja yenyewe, nawe mumewe ukiwapo. Wivu wako ni mwema, ila mahali pake si hapa. Ingia ndani umshike mkeo mkono wa pili." Akaingia, akamshika.

Damu iliganda, walhamdulillahi. Lakini uvimbe ulipita kiwiko kabla saa mbili hazijatimia. Muuguzi akasema huyu ahitaji dawa ya kuvunja sumu, nayo pale haikuwapo. Akapiga simu, ikaja gari ya wagonjwa. Katika hospitali kubwa alitiwa dawa kwa dripu, na kando ya kitanda paliwekwa bomba la sindano lenye adrenalini, kwani dawa hii yaweza kuuasi mwili wa mtu ghafula, akawashwa au akabanwa na pumzi. Yeye aliwashwa, akatibiwa papo hapo, kisha dawa ikaendelea. Alirudi kwake siku ya sita. Kidole kimoja hakikunji sawasawa mpaka leo, lakini mkono anao, na kwa mkono huo huo hupika na hushika tasbihi.

Sasa swali la tatu. Ni kweli kuwa dawa hii hutokana na damu ya farasi, na nyingine ya kondoo. Asili yake ni mwaka 1894 huko Paris, ambapo Albert Calmette kwa upande mmoja, na Césaire Phisalix na Gabriel Bertrand kwa upande mwingine, walionyesha kuwa mnyama akitiwa sumu kidogo kidogo mwili wake hujifanyia kinga, na kinga hiyo yaweza kutolewa katika damu yake ikamkinga mwingine. Mpaka leo njia ni hiyo. Farasi hatiwi sumu ya kumuua. Hutolewa damu kwa kiasi, yakachukuliwa maji yake, yakasafishwa mpaka ikabaki ile kinga.

Farasi mwenyewe si mnyama wa haramu katika madhehebu yetu ya Imam Shafi. Bi Asma binti Abubakar amepokea kuwa walimchinja farasi katika zama za Mtume na wakamla. Damu ni najsi, hilo twalijua. Lakini wanazuoni wa madhehebu haya wamejuzisha kujitibu kwa chenye najsi ikiwa hapana kilicho tohara cha kusimama mahali pake, na tabibu mjuzi amesema hivyo. Na kwa sumu iliyokwisha kuenea mwilini hapana dawa nyingine ijulikanayo kuivunja. Basi mama, mwanao akihitaji dawa hii, mtie bila ya wasiwasi, na umshukuru aliyemfunza binadamu asiyoyajua. Na ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa na afungue, atalipa siku nyingine akipona.

Jambo moja huwashangaza wazee: mtoto hutiwa dawa kiasi kile kile cha mtu mzima. Sababu yake ni kuwa nyoka hapunguzi sumu yake kwa kumhurumia mtoto. Na mwili mdogo ukipata sumu nyingi huumia zaidi. Kwa hiyo mtoto akiumwa haraka izidi. Kwa upande mwingine, si kila aumwaye hutiwa dawa hii, kwani mara nyingine nyoka huuma bila ya kutoa sumu. Basi tabibu akisema tungoje tutazame, msimshuku. Kungoja chini ya jicho la tabibu kwa siku nzima si sawa na kungoja nyumbani.

Tujue pia kuwa sumu si moja. Moma huvimbisha, huoza nyama na huweza kuharibu damu. Koboko huuma pengine pasivimbe sana, mtu akadhani kapona, kumbe sumu yapooza mwili. Kope huanguka, ulimi huwa mzito, kisha pumzi hukatika, na hayo yaweza kuwa kwa saa chache tu. Swila hutema sumu machoni; huyo na aoshwe macho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha apelekwe zahanati, wala asitiwe maziwa ya mtu wala majani. Akiuma, huoza nyama pia.

Haya hapa basi, kila nyumba iyahifadhi kama ihifadhivyo nambari za jamaa:

Kwanza, muondoeni mgonjwa karibu na nyoka, wala msimfukuze nyoka kwa kutaka kumpeleka hospitali. Wengi wameumwa hivyo wakawa wagonjwa wawili.

Pili, mtulizeni, asitembee wala asikimbie. Abebwe. Akiwa mlegevu au atapika, alazwe ubavu.

Tatu, vueni pete, bangili, viatu, na kila kibanacho. Kiungo kilichoumwa kifungiwe ubao kisitikisike.

Nne, msifunge kamba, msichanje, msinyonye kwa mdomo, msitie mafuta ya taa, wala jiwe jeusi, wala majani. Kwa maumivu asipewe aspirini, kwani huzidisha kutoka damu.

Tano, kumbukeni saa aliyoumwa, mwende upesi, na mumsomee njiani.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Mtume (S.A.W.) ametufunza mtu atakapo kulala akung'ute kitanda chake kwa upindo wa nguo yake, kwani hajui ni nini kilichoingia nyuma yake, na ametuamuru kufunga milango usiku na kufunika vyombo. Ni wangapi kwetu wakung'utao kitanda? Lau tungeishika sunna hii moja, na tukaongeza kulala juu ya kitanda badala ya chini, na chandarua kikafumbatwa vizuri chini ya godoro, wengi wangesalimika. Usiku mtu atembee na tochi, na avae viatu, khasa watoto wetu warudio kutoka chuoni. Tita la kuni lisukumwe kwanza kwa fimbo. Takataka na mawe yaondolewe karibu na nyumba, na nafaka ihifadhiwe pasipo panya, kwani panya ndiye amwitaye nyoka ndani.

Tusidhani kuwa msiba huu ni wetu peke yetu au ni mdogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka watu 81,000 mpaka 138,000 hufa kwa nyoka ulimwenguni, na wanaobaki na vilema, wakiwamo waliokatwa viungo, ni kama mara tatu ya hao. Na wengi ni maskini wa mashamba na watoto, ambao kilio chao hakifiki mbali. Kampuni moja ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa iliyokuwa ikitumika sana Afrika mwaka 2014, kwa kuwa haikuwa na faida. Ni mwaka 2017 ndipo Shirika hilo lilipoitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi makubwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka azimio la kupunguza vifo na vilema hivi kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

Azimio la huko mbali halitamfikisha mtoto wako zahanati usiku wa manane. Hilo ni letu. Kwa hiyo nawanasihi wazee wa misikiti na walimu wenzangu mambo matatu. Nendeni leo, kabla hajaumwa mtu, mkaulize zahanati yenu: je, dawa ya sumu ya nyoka iko? Ikiwa haiko, hospitali gani iliyo karibu inayo? Dawa nyingine za maji hutaka baridi ya jokofu, na palipokatika umeme huharibika. Basi ulizeni na hilo. Pili, bandikeni ukutani mwa msikiti na chuo nambari za wenye bodaboda na magari waliokubali kuitwa usiku. Tatu, wekeni sanduku dogo la sadaka kwa ajili ya mafuta ya safari hiyo, ili maskini asikae akitafuta nauli na sumu yapanda. Huku kwetu Watamu wako waliojitolea kwa miaka mingi kuwatafutia dawa hii wasioweza kuinunua, wala wengine wao si Waislamu. Sisi twawajibika zaidi.

Mimi chuoni kwangu nimeweka desturi moja. Mtoto amalizapo Juzuu Amma, kabla ya kusomewa dua, husimama mbele ya wenzake akayataja yale mambo matano niliyoyaandika hapo juu. Ijumaa moja yule fundi wa cherehani alimleta mwanawe wa kwanza kusimama hivyo. Mtoto aliyataja yote bila ya kukosa, na babake ameegemea mkongojo mlangoni, asikiliza. Alipomaliza babake alinijia, akanipa mkono kama ada yake, akasema, "Maalim, Mungu akulipe." Sikuwa na jawabu ila kuinamisha kichwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, atuhifadhi na watoto wetu na shari ya kila chenye sumu, na atuafikishe kuzifuata sababu huku nyoyo zetu zikimtegemea Yeye. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullah.